Kweli au Si Kweli: Pesa ya Hisa Huenda kwa Nani?

Machi 28, 2008, mwezi mmoja tu baada ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia saini mkataba wa kuzima ghasia za uchaguzi, Kenya ilifungua mauzo ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom. Hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5, jumla shilingi bilioni 50. Waombaji walipita laki nane. Walikuwamo walimu, wauza mitumba, wanafunzi wa vyuo, na wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ofisi ya dalali wa hisa. Benki nazo zilikopesha watu wanunue.

Uliza leo pesa ile ilikwenda kwa nani, na wengi watakujibu bila kusita kwamba ilikwenda kwa Safaricom, ikajenga minara. Hapo ndipo makosa mengi kuhusu soko la hisa yanapoanzia. Yafuatayo ni madai ninayoyasikia vijiweni, kwenye makundi ya vikoba, na hata kwa watu wenye hisa zao mkononi.

"Kampuni ikiuza hisa kwa umma, pesa inaingia kwenye kampuni."

Mara nyingine kweli, mara nyingine la. Inategemea nani anayeuza.

Kampuni inaweza kutoa hisa mpya ambazo hazikuwapo jana. Ukizinunua, pesa yako inaingia kwenye akaunti yake na kuwa mtaji. Benki ya CRDB ya Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2009 ilipouza kwa shilingi 150 za Tanzania, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lenyewe lilifanya hivyo mwaka 2016 lilipouza hisa zake kwa shilingi 500. Lakini pia mwenye hisa wa zamani anaweza kuamua kuuza zake. Hapo kampuni haiongezi hata shilingi moja: mwenye mali amebadilika, basi. Hicho ndicho kilichotokea kwa Safaricom. Muuzaji alikuwa Serikali ya Kenya, iliyoshuka kutoka asilimia 60 ya umiliki hadi 35, na bilioni 50 zile zilikuwa za Hazina. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 2008, Serikali ya Tanzania iliuza asilimia 21 ya benki ya NMB kwa shilingi 600 kwa hisa. Hadithi ni ileile: pesa ilikwenda serikalini, benki ikapata wanahisa wapya.

Hakuna ubaya katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Ila swali la kuuliza ni tofauti. Kwa hisa mpya, uliza kampuni itaifanyia nini pesa: itafungua matawi, italipa madeni, au itanunua mitambo? Kwa hisa za zamani, uliza kwa nini mwenyewe anaondoka, na kwa nini anaondoka sasa. Majibu ya maswali yote mawili huandikwa kwenye waraka wa matarajio, kile kitabu kinene ambacho kampuni lazima ikitoe kabla ya kuuza hisa kwa umma. Watu hukipokea, wakatazama picha ya mwenyekiti wa bodi, wakakiweka juu ya kabati. Kama huna subira ya kukisoma chote, soma sehemu mbili tu: matumizi ya fedha zitakazopatikana, na vihatarishi. Hiyo ya vihatarishi huandikwa na wanasheria wanaoogopa kushtakiwa baadaye, kwa hiyo husema kweli kuliko kurasa nyingine zote.

"Nikinunua hisa za NMB leo asubuhi, nimeichangia NMB mtaji."

Si kweli. Umemlipa mwanahisa mwingine, pengine mstaafu wa Moshi anayetafuta ada ya mjukuu. Ukinunua pikipiki iliyotumika kwa jirani, kiwanda kilichoiunda hakipati kitu. Hisa nazo zikishauzwa mara ya kwanza, huo ndio mwendo wake. Mauzo yale ya kwanza huitwa soko la awali. Kununua na kuuza kwa kila siku kunakofuata ni soko la upili, na ndilo watu wengi wanalolimaanisha wanaposema "soko la hisa".

Basi kwa nini wakurugenzi huangalia bei ya hisa kila siku kama haiwaletei pesa? Kwa sababu siku moja watarudi kuomba. Mwaka 2015 CRDB iliwarudia wanahisa wake na hisa stahiki, yaani hisa mpya ambazo wenye hisa za zamani hupewa nafasi ya kununua kwanza, kulingana na walizonazo. Bei ilikuwa shilingi 350. Miaka sita kabla benki hiyohiyo iliuza kwa 150. Bei ya sokoni ndiyo iliyoiwezesha kuomba zaidi ya mara mbili kwa kila hisa.

Anayekataa hisa stahiki hanyang'anywi kitu, lakini fungu lake linapungua. Kama ulikuwa na hisa 100 kati ya 1,000 na kampuni ikaongeza 200 ambazo hukununua, umeshuka kutoka asilimia 10 hadi chini kidogo ya 8.4. Wengi hutupa barua ya kuwaalika wazinunue wakidhani ni tangazo.

"Hisa ya shilingi 5 ni rahisi kuliko ya shilingi 400."

Si kweli, na kati ya makosa yote hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata watu wenye shahada hulifanya. Bei ya hisa moja peke yake haikuambii kitu. Lazima ujue hisa ziko ngapi.

Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Kwa shilingi 5, kampuni nzima ilikuwa imetiwa bei ya shilingi bilioni 200. Sasa chukua British American Tobacco Kenya, yenye hisa milioni 100. Ikiuzwa kwa shilingi 400, kampuni nzima ni bilioni 40. Yule mwenye hisa ya shilingi 5 amenunua kipande cha kitu kikubwa mara tano. Bei ya hisa moja ukiizidisha kwa idadi ya hisa zote unapata thamani ya soko, na hiyo ndiyo inayolinganishwa. Kisha unaiweka mbele ya faida ya mwaka: ikiwa kampuni yenye thamani ya bilioni 40 inapata faida ya bilioni 5, unalipa mara nane ya faida. Kampuni nyingine ambayo hisa yake ni shilingi 3 inaweza kuwa inauzwa mara arobaini ya faida yake. Ghali ni ipi?

Kampuni zinajua udhaifu wetu huu. Mwaka 2009 benki ya Equity ya Kenya iligawanya hisa zake, kila moja ikawa kumi. Aliyelala na hisa 100 aliamka na 1,000, na kila moja ina thamani ya sehemu ya kumi ya ile ya jana. Hakutajirika. Ila hisa ikawa ya bei ambayo mwenye kipato kidogo anaweza kuimudu, wanunuzi wakaongezeka, na hilo lina faida yake. Nimewasikia waliosherehekea kana kwamba wamepewa zawadi.

"Hisa zikigombewa, ni dalili kwamba bei itapanda."

Kwa siku chache, pengine. Baada ya hapo hakuna ahadi.

KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, iliuzwa mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, watu wakaigombea, na siku ya kwanza sokoni bei ikaruka mara kadhaa. Ndiyo iliyowapandisha Wakenya mori miaka miwili baadaye kwa Safaricom. Waliodhani ule ulikuwa mwanzo tu wangeshuhudia hisa hiyohiyo ikiuzwa chini ya shilingi 3 mwaka 2023, miaka kumi na saba baada ya kuorodheshwa.

Na Safaricom? Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne. Maana yake aliyeomba nyingi alipewa chache na kurudishiwa pesa iliyobaki. Hapa ndipo waliokopa walipoumia. Tuseme mtu alikopa shilingi 100,000 akaomba hisa 20,000, akagawiwa 4,000. Hisa zake ni za shilingi 20,000, lakini riba inahesabiwa juu ya 100,000 mpaka pesa ile irudi na aipeleke benki. Ili asipate hasara, hisa zile chache zilipaswa kupanda kiasi cha kulipia riba ya mkopo wote. Juni 9, 2008, siku ya kwanza ya kuuzwa sokoni, bei ilipita shilingi 7. Mapema 2009 ilikuwa karibu na 3.

Aliyenunua kwa akiba yake na kutulia ana simulizi nyingine: mwaka 2021 hisa ile ilipita shilingi 40. Kisha ikashuka tena, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni ileile, M-Pesa ni ileile. Bei hufuata yale ambayo watu wanayatarajia, na watu hubadilisha matarajio haraka kuliko kampuni inavyobadilika.

Kugombewa kunapima hamu ya wiki chache zile. Soko la Dar es Salaam lilipouza hisa zake mwaka 2016 lilitafuta shilingi bilioni 7.5, likaletewa zaidi ya bilioni 35. Mwaka uliofuata Vodacom Tanzania ilitafuta bilioni 476 katika soko lilelile na ikatoa jasho. Kiasi kinachotafutwa nacho kina mchango: ukiuza kidogo kwa watu wengi, kila kitu huonekana kama dhahabu.

"Kampuni huingia sokoni kwa hiari yake."

Kwa kawaida ndiyo. Kwa kampuni za simu za Tanzania na Uganda, hapana.

Tanzania ilizitaka kwa sheria ziuze asilimia 25 ya hisa zao kupitia soko la Dar es Salaam. Vodacom ilikuwa ya kwanza kutii: Machi 2017 ilitoa hisa 560,000,100 kwa shilingi 850. Mwanzoni sheria iliwafungulia Watanzania pekee. Dirisha likaongezwa muda, na hatimaye sheria ikarekebishwa ili wageni nao wanunue. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni Agosti 2017. Uganda nayo ilizibana kampuni za simu kwa asilimia 20. MTN ikaja mwaka 2021 kwa shilingi 200 za Uganda, Airtel ikafuata 2023 kwa shilingi 100, na zote mbili zilimaliza mauzo bila kuuza hisa zote zilizotoa.

Nia ya sheria hizi ni nzuri: wananchi wanaoilipa kampuni kila siku kwa vocha wagawane na faida yake. Lakini zinageuza juu chini lile swali la kwa nini muuzaji anauza sasa. Muuzaji wa hiari huchagua wakati unaomfaa yeye, yaani bei ikiwa juu. Anayelazimishwa huuza kwa tarehe ya serikali, na mnunuzi asidhani kwamba hiyo inamaanisha bei ya kutupa. Hisa ya Vodacom Tanzania baadaye ilikaa chini ya 850 kwa miaka.

"Kuorodheshwa ni kuuza hisa."

Si kweli. Equity iliingia Soko la Hisa la Nairobi Agosti 2006 bila kuuza hisa hata moja kwa umma. Ilikuwa tayari na wanahisa wengi, ikaziorodhesha zilizokuwapo, watu wakaanza kuuziana. Kenya Airways na kampuni ya bia ya EABL nazo ziliorodheshwa Dar es Salaam zikiwa tayari ziko Nairobi.

"Mamlaka imeupitisha waraka, basi serikali imetudhamini."

Si kweli hata kidogo. Tanzania kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Kenya kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kazi yao ni kuhakikisha kampuni imesema yote inayotakiwa kusema na haijadanganya. Hawasemi biashara ni nzuri. Waraka wenyewe huwa na maneno yanayokuonya hivyo, mara nyingi kwenye kurasa za mwanzo kabisa.

Na kampuni zilizopitishwa huanguka. Uchumi, duka kubwa ambalo kizazi kizima cha Wanairobi kilikulia humo, lilikuwa limeorodheshwa sokoni. Mwaka 2006 likawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai, likarudi sokoni 2011, kisha likayumba tena. Mumias, kampuni ya sukari iliyoorodheshwa mwaka 2001 na ambayo serikali ilikuwa na hisa zake, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Wakulima wa miwa waliokuwa na hisa humo walipigwa pande mbili: miwa haikulipwa kwa wakati na hisa haikuuzika. Kampuni ikianguka, mwanahisa ndiye wa mwisho kwenye foleni. Wanatangulia wafanyakazi, kodi, benki na walioikopesha kwa hatifungani. Kwake hufika mabaki, na mara nyingi mabaki hayapo.

Kitu kimoja kinamwokoa: hasara yake inaishia kwenye alichonunulia hisa. Wadai wa kampuni hawawezi kuja kuchukua nyumba yake.

"Mwenye hisa hulipwa gawio kila mwaka."

Si kweli. Gawio hupendekezwa na bodi na kupitishwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, na bodi inaweza kusema mwaka huu hakuna, hata kama faida ipo. Hatifungani ndiyo yenye ahadi ya riba kwa tarehe. Hisa haina ahadi hiyo.

Likija, hata hivyo, linaweza kushangaza. Kwa mwaka 2024 CRDB ililipa shilingi 65 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alistahili 65,000. Kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5, kwa hiyo alipokea 61,750. Aliyezinunua 2009 kwa 150 alikuwa ametoa shilingi 150,000. Lakini msifieni na kwa uvumilivu, maana mwaka 2020, zaidi ya miaka kumi baada ya kununua, hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 100, na aliyechukua hisa stahiki za 350 alikuwa akikosa usingizi.

Wajanja hujaribu kununua siku chache kabla ya gawio, wakalichukua, wakauza. Kampuni hutangaza tarehe ya kufunga rejesta ya wanahisa, na jina lako lazima liwemo siku hiyo. Shida ni kwamba tarehe hiyo ikipita, bei hushuka, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, maana mnunuzi anayefuata hatalipata. Ukiongeza na kamisheni ya dalali unabaki umefanya mazoezi ya viungo.

Jambo jingine linahusu mirathi. Kenya, gawio lisilochukuliwa kwa miaka mitatu hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na wenye haki wanaweza kulidai huko. Mengine ni ya marehemu ambao familia zao hazikujua kama wana hisa. Mwambie mtu mmoja nyumbani.

"Dalali akianguka, hisa zako zimekwenda naye."

Kwa utaratibu wa leo, haipaswi kuwa hivyo. Hisa zako hazikai kwa dalali. Ziko kwenye daftari kuu la kielektroniki, kwenye akaunti ya CDS yenye jina lako. Dalali ana ruhusa ya kununua na kuuza unapomwagiza.

"Haipaswi" nimelichagua makusudi. Mwaka 2007 na 2008 madalali kadhaa wa Nairobi walianguka, na baadhi ya wateja wakagundua hisa zao ziliuzwa bila wao kuagiza. Kinga yake haina gharama: omba taarifa ya akaunti kutoka kwa wanaotunza daftari, si kwa dalali, na uilinganishe na unachokijua. Fedha taslimu unayoiacha kwa dalali "isubiri bei nzuri" ni habari nyingine. Hiyo haiko kwenye CDS.

"Soko la hisa ni kamari, unaweza kupoteza yote kwa usiku mmoja."

Kwenye masoko yetu, hatari ya kawaida ni kinyume chake: hakuna kinachotokea. Dar es Salaam ina kampuni zisizofika 30, na sehemu kubwa ya biashara ya siku hubebwa na chache, hasa benki. Kwa nyingine unaweza kuweka hisa zako mezani leo, kesho na wiki ijayo, asitokee mnunuzi. Ubaoni bei inasimama palepale mwezi mzima, na mgeni anadhani ni uimara. Huenda hakuna aliyenunua wala kuuza. Urahisi wa kugeuza hisa kuwa pesa bila kuiporomosha bei huitwa ukwasi, na kabla ya kununua hisa yoyote angalia ni ngapi hubadilisha mikono kwa siku. Taarifa hiyo hutangazwa na soko kila jioni, bure.

"Nikiuza leo, pesa naipata leo."

Si kweli. Dar es Salaam na Nairobi, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Ukiuza Alhamisi, pesa ni Jumanne, kama hakuna sikukuu katikati. Mwenye ada ya shule ya kulipa Ijumaa auze Jumanne, na iwe hisa yenye wanunuzi.